Bunduki gani, risasi gani, na kindi anapikwaje: mwongozo kwa wabongo mlioko Marekani

Juzi jioni nipo zangu Pasua nakatakata sungura jikoni, simu ikaita, ni mtoto wa dada yangu yuko Missouri. "Shikamoo mjomba, nimepata leseni ya kuwinda, ninunue bunduki gani ya kindi?" Nikamwambia marahaba, kwanza niambie unataka kuwapikaje. Akakaa kimya. Basi nikaacha kisu tukaongea karibu saa nzima, na kwa vile najua wabongo wengi mko huko na mnaalikwa porini na wenyeji, nimeona niyaandike yote hapa.

Mimi nimekaa Missouri miaka tisa, kazi ya kulea wazee zamu za usiku, na aliyenifundisha kuwinda kindi ni mzee tuliyekuwa tunapokezana naye zamu. Jambo alilonirudia kila siku ni hili, kwamba bunduki ya kindi inachaguliwa jikoni. Kindi wa kijivu ni kama nusu kilo akiwa mzima na manyoya yake, yule mkubwa mwenye tumbo la rangi ya chungwa anakaribia kilo, ukishamchuna na kumtoa matumbo unabaki na nyama ya kushika kwa kiganja kimoja. Sasa nyama kidogo hivyo ukiipiga na kitu kikubwa au ukampiga tumboni hakuna cha kupika, umeua mnyama bure.

Kwa walioko Moshi na Arusha niseme mapema, huu mwongozo usiende nao msitu wa Rau wala kupanda nao Kibosho. Wanyamapori wetu wako chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, kuwinda bila kibali ni kosa hata kama ni mnyama mdogo, na silaha ina sheria yake ya 2015. Najua wengi tumekua na manati shingoni tukiwakimbiza kindi kwenye migomba, ila hapa kwetu waache, chukua sungura wa kufuga, upishi nitakaoeleza chini unamkubali vizuri sana, ndiye niliyekuwa namkata siku hiyo.

Hatua ya 1: makaratasi yako

Hapa ndo watu wanaumia na hakuna anayewaambia. Kama uko Marekani kwa viza ya muda, mfano mwanafunzi au mgeni wa kutembea, sheria ya shirikisho inakukataza kuwa na bunduki au hata risasi zake, isipokuwa uwe ndani ya misamaha michache, na ule unaotumika sana ni kuwa na leseni halali ya kuwinda iliyotolewa hukohuko Marekani. Leseni ikiisha muda na msamaha umeisha, kwahiyo tarehe yake iangalie kama unavyoangalia tarehe ya viza. Asiye na makaratasi halali ya kukaa nchini asishike kabisa, hata kuazima ya rafiki mkiwa porini, ni kesi kubwa ya kukurudisha nyumbani. Wenye grinikadi mambo yenu ni mepesi zaidi.

Alafu kila jimbo lina kanuni zake. Missouri kama umezaliwa tarehe 1 Januari 1967 au baadaye na umefika miaka 16 lazima usome kozi ya usalama wa uwindaji ndo upewe kibali cha kuwinda kwa bunduki, bunduki yenyewe inanunuliwa kwa taratibu nyingine dukani. Msimu wa kindi unafunguliwa Jumamosi ya nne ya Mei mpaka tarehe 15 Februari, na kwa siku mwisho kindi 10. Kanuni zinaweza kubadilika, kila mwaka chukua kitabu kipya cha idara ya uhifadhi ya jimbo, ni bure, kisome chote. Na ardhi nyingi kule ni ya watu, gonga mlango uombe, ukikubaliwa rudi baadaye na shukrani, mimi nilikuwa naenda na maandazi na mwenye shamba mmoja mpaka leo ananiulizia.

Hatua ya 2: bunduki yenyewe

Kuna .22, watu wanatamka pointi tuentituu, inatoa risasi moja ndogo, na kuna shotgani, inamwaga vidonge vidogo vingi kwa mpigo, vinaitwa marisau. Zote zinafaa ila kwa wakati tofauti, na wakati wenyewe unaamuliwa na majani ya miti.

Kuanzia Mei mpaka kama Septemba msitu wa Missouri umefunga, kindi yuko juu kabisa unamwona mkia tu, akisimama sekunde mbili kaondoka. Hapo shotgani. Chukua geji 20, inatosha na haichoshi bega. Wengi wanachanganya hizi namba manake geji 12 ni kubwa kuliko 20, sababu yake ni kwamba zamani walihesabu vipira vingapi vya risasi vyenye upana wa mtutu vinafikisha ratili moja, vikiwa 12 mtutu ni mpana, vikiwa 20 mtutu ni mwembamba. Ile .410 haifuati hesabu hiyo, hiyo namba ni upana wenyewe wa mtutu kwa inchi, ni nyepesi sana na wanawapa watoto, ila mimi namwona mtoto anaonewa, inabeba marisau machache na inataka mlengaji mzoefu.

Majani yakidondoka, Novemba mpaka Februari, msitu unakuwa wazi na kindi anashuka chini kufukua mbegu alizofukia. Hapo .22 haina mpinzani. Nikiambiwa nichague moja tu ya mwaka mzima nachukua .22, kwasababu inanipa nyama nzima. Aina ya .22 LR ipo tangu 1887 na mpaka leo risasi zake ndo rahisi kuliko zote dukani. Kwa anayeanza namshauri ile ya kukoki kwa mkono kila risasi, inakufundisha kutulia. Za semi otomatiki, zinazojikoki zenyewe, kama Ruger 10/22 ni nzuri na ziko kila mahali, ila nimeona kwa macho yangu vijana wanamwaga risasi kumi kwa kindi mmoja na anaondoka mzima.

Juu weka darubini ndogo ya mara nne inatosha, ila nunua ile ya .22 kabisa, iliyosetiwa kwa yadi 50, usichukue ya bunduki ya paa iliyosetiwa mbali ukaja kulalamika picha inacheza.

Kuna jamaa watakwambia .17 HMR. Ni kasi kweli, risasi yake ndogo inatoka na futi 2,550 kwa sekunde, lakini ikigusa popote zaidi ya kichwa nyama inakuwa uji. Mimi sikuipenda. Bunduki ya upepo yenye nguvu ya kutosha nayo inaua kindi kwa karibu, uliza kwanza jimbo lako linairuhusu vipi.

Hatua ya 3: risasi

Kiswahili chetu neno risasi ni madini na ni kidonge chenyewe, na hapa vyote viwili vinahusika, manake hicho kidonge ni yale madini na utakuja kula kilichopita karibu nacho.

Kwenye .22 kuna za ncha butu nzima na kuna za ncha yenye tundu. Yenye tundu inafunguka ikigonga, inaua haraka na haipiti sana upande wa pili, hiyo ndo ninayotumia, na nalenga kichwa tu. Nzima inapita moja kwa moja, ukipiga kichwa sawa, ukikosea mwilini kindi anaweza kukimbilia kwenye tundu la mti akafia huko ndani humpati, hiyo inaniuma kuliko kukosa kabisa.

Kasi nayo angalia. Sauti inasafiri kama futi 1,125 kwa sekunde. Risasi inayozidi hapo inapasua hewa na kutoa ule mlio wa fimbo, msitu mzima unanyamaza. Za kasi ya kawaida, gramu mbili na nusu hivi uzito wake na futi kama 1,070, zinatoa sauti ndogo, ukitulia dakika kumi kindi wengine wanarudi kula kama hakuna kitu. Ubaya wake bunduki nyingine za semi otomatiki zinakwama, manake risasi hizo hazina nguvu ya kurudisha bolti, kile chuma kinachojikoki.

Usomaji wa boksi ni kitu cha kushika. Mwaka wangu wa kwanza duka moja lilinipa boksi la .22 Magnum wakati bunduki yangu ni .22 LR, mimi sikusoma nikalipa nikaondoka, alfajiri porini risasi haziingii nikarudi nyumbani mikono mitupu. Hiyo ilikuwa nafuu, kinyume chake ndo hatari, .22 LR kwenye chemba ya Magnum inaingia inapwaya na ganda linaweza kupasuka na moto ukakurudia usoni. Maandishi ya kwenye boksi na yale yaliyochongwa kwenye mtutu yafanane herufi kwa herufi.

Shotgani chukua marisau namba 6. Hapa tena namba ikipanda kidonge kinapungua. Namba 6 ina upana wa kama milimeta 2.8, na aunsi moja inabeba kama vidonge 225. Namba 4 ni kubwa na chache, 7½ ni ndogo nyingi, kama 350 kwa aunsi, zinaishia kwenye nyama hazifiki mfupa na wewe ndo utazitafuta kwa meno. Mdomo wa mtutu uwe umebanwa kiasi au kabisa, na usizidishe mita 30. Baadhi ya maeneo ya serikali hayaruhusu marisau ya madini ya risasi, utatumia ya chuma, soma kibao pale getini.

Hatua ya 4: izoee kabla ya kwenda

Kila mtutu una chakula chake. Nunua boksi tatu za kampuni tofauti, zile za risasi 50, nenda reinji, uwanja wa kulenga shabaha, pumzisha bunduki kwenye mfuko wa mchanga, piga tano tano za kila aina kwa mita 25. Utashangaa bunduki ileile mkono uleule, aina moja inatawanya kama mbegu za papai na nyingine inatoboa tundu juu ya tundu. Matundu yote matano yafichwe na sarafu ya senti 25, ina upana wa milimeta 24, na sehemu ya kichwa cha kindi unayoitaka ndo hiyohiyo. Usipofikia hapo usiende porini bado, sogea mpaka mita 15 ujue huo ndo mwisho wako kwa sasa.

Hatua ya 5: porini

Fika giza bado halijatoka, kaa chini ya mti wa hikori au mwaloni, mgongo kwenye shina, usitikisike. Kukicha utasikia kabla hujaona, tititi tititi, maganda yanadondoka kwenye majani makavu kama manyunyu ya mvua za vuli, ujue juu yako kuna mtu anakula. Kindi akikuona anazunguka shina upande wa pili anajibana hapo, mkiwa wawili mmoja azunguke polepole na mwingine abaki, atarudi upande wa aliyetulia.

Sasa sikilizeni hili. Risasi ya .22 inaweza kwenda zaidi ya kilometa moja na nusu. Kindi aliyeko kwenye tawi na nyuma yake mbingu, ukimkosa, ile risasi inaenda kudondoka pahala usipopaona, kwenye bati la mtu, kwenye uwanja watoto wanacheza. Kwa .22 piga tu kama nyuma ya kichwa chake kuna shina nene au kilima. Hakuna, muache. Ndo maana wakati wa majani, wakati wote wako juu, nasema shotgani, marisau namba 6 yanaishiwa nguvu na kudondoka kama mita 220 hivi. Kidole nje ya triga mpaka umeshaamua, mdomo wa bunduki usimwelekee mtu hata ikiwa haina kitu, na kuvuka waya wa fensi toa risasi zote kwanza. Vaa chungwa la kung'aa, hasa Novemba wawindaji wa paa wameingia na bunduki nzito.

Hatua ya 6: kumchuna

Chuna mapema akiwa na joto, akipoa ngozi inaganda kwenye nyama utalia. Vaa glavu, wanyama hawa wana magonjwa ya kuambukiza binadamu. Lowesha manyoya yote kwa maji kwanza, hii siri ndogo inazuia nyoya kuruka na kushika nyama. Inua mkia, kata chini yake kupita mfupa wa mkia ila usikate ngozi ya mgongoni, endelea kidogo pembeni mwa mapaja, kanyaga mkia kwa buti, shika miguu ya nyuma uvute juu taratibu bila kukata tamaa. Ngozi inatoka kama shati mpaka kichwani, kisha vuta ile ya miguu ya nyuma kama suruali. Pasua tumbo kwa ncha ya kisu, kina kidogo sana, usitoboe utumbo wala kibofu. Chini ya makwapa kuna vitezi vidogo, vitoe, vinaharibu ladha. Kichwa tupa, na ubongo usile.

Majira ya joto unaweza kukuta funza mnene chini ya ngozi. Anatisha kumwangalia lakini anaishia kwenye ngozi, ondoa ile sehemu, nyama ni salama. Ila ukifungua ukakuta ini limejaa madoa meupe, mtupe mzima mzima.

Hatua ya 7: jikoni

Kata vipande vitano, mapaja mawili, mikono miwili, mgongo mmoja. Kama ulitumia shotgani kaa mezani kwenye taa kali. Marisau hayaonekani, kinachoonekana ni doa jeusi la damu na katikati yake kinyoya kimoja au viwili vimezama ndani ya nyama. Marisau yalipoingia yaliburuta manyoya, kwahiyo fuata nyoya kwa ncha ya kisu, mwisho wa njia ndo utakikuta kidonge. Kata ile nyama nyeusi yote utupe, usiseme ni kidogo. Kindi wangu wa kwanza kabisa nilimpiga kwa shotgani karibu mno, nikajiona nimemsafisha, nikavunja jino la nyuma mezani kwa watu. Kisha loweka kwenye maji ya chumvi, vijiko viwili kwa lita, usiku kucha kwenye friji, asubuhi mwaga yale maji mekundu.

Jua umri wake. Mdogo masikio ni laini na ngozi ilitoka kirahisi, huyo mpake unga wenye chumvi na pilipili manga, kaanga mafuta yenye moto wa wastani mpaka awe kahawia, mtie maji kidogo funika dakika ishirini. Mzee aliyekutoa jasho kumchuna usimkaange, atakushinda kutafuna, huyo ni wa presha kuka.

Na huyo mzee ndo nampenda, manake anatengeneza machalari, zile ndizi za Kichaga zinazopikwa na nyama. Kindi watatu kwa watu wanne. Paka vipande tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, chumvi, ndimu moja, viache saa moja. Weka presha kuka na vikombe vitatu vya maji, ikianza kupiga mluzi hesabu dakika 25. Nyama iachie mfupa ukiisukuma kwa uma, usiitoe mapema, moto ufike ndani nyuzijoto 74 na zaidi. Supu chuja kwenye chujio la chai, mifupa ya kindi ni myembamba kama sindano, kuna mtoto mezani.

Ndizi ndo tatizo la ugenini. Ndizi mshare za kwetu hupati, nenda duka la Wamexico au la Waasia utafute ndizi za kawaida zikiwa kijani kabisa, zisiwe hata na mstari wa njano, na usichukue zile kubwa za mzuzu. Paka mafuta mikononi ndo umenye, utomvu wake ni uleule wa kwetu. Kumi zinatosha, zitie kwenye maji zisiwe nyeusi. Kaanga kitunguu, nyanya mbili, karoti, hoho, mimina supu, tia ndizi, zikikaribia kuiva rudisha nyama, punguza moto uwe mdogo kabisa ndo utie kikombe kimoja cha tui zito. Ndimu usiongeze tena baada ya tui, litakatika. Usikoroge sana, tikisa sufuria, unataka ndizi zishike umbo na mchuzi uwe mzito kidogo kwa pembeni.

Kwa sungura wa hapa Moshi fanya hivihivi, wa kilo moja na nusu anatosha watu watano, ila presha kuka dakika 15 tu, nyama yake ni laini.

Kama unapenda ugali badala ya ndizi, ule unga wa Wamexico wa kutengenezea tortilla usinunue, umepikwa na chokaa hausongeki, chukua unga mweupe wa mahindi wa kawaida. Kinachobaki weka friji usizidishe siku tatu. Kindi wabichi wa kugandisha watie kwenye mfuko, jaza maji wazame kabisa ndo ufunge, hewa isipowagusa wanakaa miezi bila kukauka, na juu ya mfuko andika tarehe na ulitumia bunduki gani, ili atakayepika ajue kama atafute marisau au hapana.